Chemise Nne za 404 ya Marehemu Faustin

Kampemba, Lubumbashi, tarehe 6 mwezi wa nane, 2025

Rigobert,

Umenifungia simu. Nimepiga mara kumi na moja tangu Jumapili, mpaka nimemchoka yule mwanamke wa mtandao anayeniambia nijaribu tena baadaye. Basi utasoma karatasi. Barua hii nampa Mado, anayepeleka vitenge Sakania kila wiki, na nimemwambia akutie mkononi wewe mwenyewe, asiiache kwa wenzako pale forodhani.

Najua ulichosema. Mimi sikuwa ukumbini Jumamosi jioni, na sababu unaijua kuliko mtu yeyote. Nilikuwa chini ya gari lenu kando ya barabara, nimelala chali na suti niliyoshonesha kwa ajili ya harusi ya binti yako, mafuta yakinidondokea kifuani. Nilikuwa natafuta kilichoizima Peugeot 404 ya marehemu Baba Faustin mchana ule ikimpeleka bibi harusi kanisani. Wakati huo huo wewe ulisimama mbele ya watu mia tatu ukashika micro, kipaza sauti. Mdogo wangu Shafi alikuwa meza ya tatu, akasikia kila neno: «Ule Asani ni mwizi! Nilimutumia chemise nne za mupya, akaziuzisha, akatia za kuokota ku poubelle!» Ati za jalalani, na watu wakapiga makofi.

Mwizi, mimi? Baba yangu ndiye aliyelitunza gari hilo tangu baba yako alipolinunua kwa jasho la kuendesha treni, na mimi kazi hii nimejifunzia juu yake. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipoifungua injini ile mara ya kwanza, na baba yako alikaa pembeni kwenye kiti akinitazama mikono. Hakuniuliza kama ningeiba.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa makaratasi, nikueleze ulichokuwa unakisema. Chemise ni mrija wa chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka. Kwenye magari mengi imechongwa ndani ya bloc, mwili wenyewe wa injini, huwezi kuitoa. Kwenye 404 ziko nne na zinachomekwa. Unazitoa kwa mikono, na maji yanazizunguka pande zote. Chemise ikikaa vizuri, gari linakwenda miaka thelathini bila kukusumbua. Ikikaa vibaya, hata kwa unene wa karatasi tu, maji yanaingia kwenye mafuta, moshi mweupe unatoka nyuma, gari linazima. Hicho ndicho kilichotokea. Kwa nini kimetokea, bado sijui. Mtu mwenye akili angengoja fundi afungue ndipo ahukumu.

Jumatatu wenye magari mawili ya kukodisha harusini walikuja kuyachukua, kazi haijaisha. Wameyavuta kwa kamba mbele ya mtaa mzima. Hilo nimelimeza. Jana Shafi alikuja, akakaa, akaniuliza kama mdogo anavyomwuliza kaka yake: «Yaya, uniambie tu kweli. Uliziuzisha?» Ndugu yangu wa tumbo moja. Nimewahi kukasirika maishani, lakini hasira ya jana nilikuwa siijui. Nilitoka nikatembea mpaka miguu ikaniuma.

Jumamosi tarehe 16 nitaifungua injini hapa garage kwangu, mbele ya watu. Njoo, au tuma mtu. Na ukishaona, utarudi mbele ya wale wale mia tatu.

Asani

~

Sakania, 11/08/2025

Maître Asani,

Mado kanifikishia karatasi yako. Kurasa mbili, na ndani yake hakuna hata neno moja la pole.

Unajua Abigaïl alifikaje kanisani? Ndani ya pick-up ya muuza makaa. Alikaa mbele, katikati ya dereva na mke wa dereva, shela ikipepea dirishani, na alipoteremka pindo lote la gauni lilikuwa jeusi. Wakwe walikuwa wamejipanga mistari miwili mlangoni, wanaingoja 404 niliyowaimbia miezi sita. Mama mkwe akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: «Papa Abigaïl, ndjo ile motokari uliyotuambia?» Nina miaka hamsini na miwili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wewe unanililia suti yako!

Hukumu sikuitoa hewani. Chomba, mjomba wa bwana harusi, aliufungua mfuniko wa maji wa radiateur pale pale barabarani, akanusa, akaniambia chemise hizi si mpya, zimebadilishwa. Utasema Chomba anauza matairi. Anauza matairi, ndiyo, lakini ana pua.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Mwezi wa tano, kabla sijampa Mado zile chemise nilizozinunua Ndola, nilichukua msumari nikachora msalaba mdogo juu ya kila moja, upande wa nje, karibu na chini. Nimefanya kazi forodhani miaka ishirini na miwili. Najua mizigo inavyobadilika njiani, na najua nyuso za watu wanaoapa kwamba haikubadilika. Fungua basi, Maître. Fungua mbele ya watu kama unavyojigamba. Nakuambia mapema, misalaba hutaiona.

Wala usije ukasingizia kwamba gari halikutunzwa. Wiki tano zile ulizoiacha injini pale Bel-Air kwa mama, chini ya turubai, ukingoja joint ya culasse, gasketi ya kifuniko cha injini, itoke Zambia, sisi hatukukaa bure. Unaikumbuka sheria ya baba: injini isiyotembea inazungushwa kwa manivelle, ule mkono wa chuma wa mbele, kila Jumapili, isije ikashika kutu. Nilimpigia mama nikamwagiza, na mama hakukosa hata Jumapili moja. Akitoka misa, kabla hajafungua kitambaa cha kichwani, anashika manivelle. Mwanamke wa miaka sabini na minne! Hivyo ndivyo familia yetu inavyotunza mali ya marehemu. Wewe, katika wiki hizo tano, ulifanya nini zaidi ya kunipigia simu na kuniambia ningoje?

Sitakuja tarehe 16. Sina la kuona.

Rigobert

~

Kampemba, tarehe 16 mwezi wa nane, 2025

Rigobert,

Nimefungua. Walikuwepo mafundi watatu wa mtaa, na nilimwomba Régine wa kwaya ya parokia yenu aje, usije ukasema nimekusanya Waislamu wenzangu.

Misalaba ipo yote minne. Régine alizishika chemise moja moja, akapitisha kidole juu ya michoro yako, akaniangalia, akasema: «Asani, pole sana.» Kwa hiyo tangu mwezi wa tano, kabla sijagusa hata boulon moja, ulikuwa umekwisha kuniandika mwizi. Siku ya Idi mwezi wa sita ulikula kwangu, ukaongezewa, ukaniita ndugu, na chemise zenye msumari wako zilikuwa tayari ndani ya garage yangu. Nimekaa na hilo tangu asubuhi.

Chemise zenyewe ni nzima. Ndani ni laini, hazina ufa wala mkwaruzo. Yule wa Ndola hakukudanganya, na Chomba arudi kwenye matairi yake. Hizo chemise zingeendesha gari mpaka wajukuu wa Abigaïl waolewe.

Lakini ya pili na ya tatu zimenyanyuka. Nimelaza rula ya chuma juu ya bloc mbele ya wote: ya kwanza na ya nne ziko sawa, ya pili imepanda, ya tatu imepanda zaidi. Huko chini zinakokalia, mpira wa kuzuia maji umejikunja na kuna mchanga, huu huu mchanga wetu wa kiangazi unaoingia mpaka kwenye chumvi. Nilikaa nikiutazama. Mimi siweki mchanga chini ya chemise. Nikarudi kuisoma barua yako, na nilipofika kwenye Jumapili zako nikapiga kelele mpaka mke wangu Amida akaja mbio akidhani nimejikata.

Sikia vizuri. Kinachoibana chemise ya 404 mahali pake ni culasse, kile kifuniko kizito cha juu. Culasse ikiwa imetolewa, chemise imesimama tu ndani ya tundu lake. Ukizungusha manivelle, pistoni inapanda na kuivuta ipande nayo, na ikipanda hata kidogo, vumbi linaingia chini yake na hairudi tena kama ilivyokuwa. Sheria ya baba yako ni ya injini iliyofungwa. Kwa injini iliyo wazi ni kinyume chake: mtu asiiguse! Baba yako alilijua hilo. Wewe ulichukua nusu ya neno lake ukaipeleka kwa simu. Umemwagiza mama yako aliharibu gari la mumewe kwa mikono yake mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, kisha ukashika micro ukaniita mwizi mimi.

Nakala ya barua hii, pamoja na ile yako, nimempelekea mama yako, Mama Brigitte, leo hii, naye ajue.

Nangoja siku utakayosimama.

Asani

~

Bel-Air, tarehe 18 mwezi wa nane, 2025

Kwa Asani, na kwa mwanangu Rigobert,

Nimeiandika mara mbili, maneno yale yale, asiwepo wa kuniambia kwamba mwenzake amesoma mengine.

Mnaandikiana juu yangu kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Huyu anaandika «mwanamke wa miaka sabini na minne», huyu anaandika «mama yako aliharibu gari», na kila mmoja ananishika mkono kumpigia mwenzake. Niko hai. Nyumba yangu ina mlango. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyebisha hodi akaniuliza, Mama, ilikuwaje?

Ilikuwa hivi. Nilizungusha. Kila nikitoka misa nilizungusha mara ishirini, nikihesabu kwa sauti kama Faustin alivyokuwa anahesabu. Turubai sikuifunua, kwa sababu tundu la manivelle liko mbele, huhitaji kufunua kitu. Zamani za Faustin ilikuwa nzito, nilijaribu mara moja ikanishinda akanicheka. Safari hii ilizunguka bila taabu. Nikafurahi, nikasema Asani kweli amefanya kazi nzuri. Nilimwambia Faustin hivyo, nikiwa peke yangu uani, kwa sauti. Sasa mnanijulisha kwamba ilikuwa nyepesi kwa sababu injini ilikuwa wazi, na kwamba kila nilipofurahi nilikuwa naharibu. Hayo ndiyo mliyonipa, ninyi watu wazima wawili.

Wewe Asani, barua yako ni ndefu lakini umeruka mahali. Siku ulipoziweka zile chemise ulizibana kwa boulon nne, skrubu nene zenye rondelle pana, vile visahani vya chuma. Nilikuletea chai, nikakuuliza hizi ni za nini, ukanijibu: «Mama, hizi ndizo zinazizuia zisinyanyuke.» Wiki ya pili ulirudi, ukazifungua, ukazitia mfukoni. Ulisema kuna gari la mtu mwingine linazihitaji, utazirudisha kesho. Hukuzirudisha. Wala hukuniambia, Mama, kuanzia leo mtu asiguse hapa. Zingekuwepo zile boulon, mkono wangu ungeharibu nini? Na siku uliyokuja kufunga, hiyo rula ya chuma unayoisifia ilikuwa wapi? Uliilaza culasse kabla chai yako haijapoa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sahani mkononi.

Wewe Rigobert, baba yako aliendesha treni miaka thelathini na mmoja. Kuna watu walimwibia kweli, mafuta, taa, mpaka viatu, na hakuwahi kumtaja mtu mbele ya watu. Wewe umemtaja mtu kwa pua ya Chomba. Ulikumbuka kunipigia mimi nizungushe, hukukumbuka kumpigia fundi umwulize kama inafaa. Na misumari yako! Umechora msalaba, alama ya Bwana wetu, ili umnase rafiki. Nimeona haya kulisoma hilo.

Siku ya harusi nililia kidogo kwa sababu gari lilizima. Leo silii, nina hasira, na ni hasira juu yenu ninyi wawili. Msiniandikie. Sitaki kusoma tena.

Mama Brigitte, mjane wa Faustin

~

Sakania, 25/08/2025

Ndugu yangu Asani,

Barua ya mama nimeisoma mara nne. Nimezungumza pia na Régine kwa simu. Basi, naandika wazi ili uwe nayo kwenye karatasi: hukuiba. Chemise ni zile zile nilizozituma. Nilikosea kusema niliyosema, na nilisema kwa sababu nilikuwa na uchungu wa mtoto wangu. Wewe pia una binti, Nafisa, jiweke mahali pangu.

Lakini tuyaone mambo kama watu wazima. Nikisimama mbele ya watu, itanibidi nieleze. Nikieleza, watauliza ni nani aliyezungusha manivelle. Unawajua wakwe zetu, hawana dogo. Watamfanya mama kichekesho cha Lubumbashi nzima, na Abigaïl hana hata mwezi ndani ya nyumba yao. Na wewe una boulon zako. Fundi wa miaka thelathini kazini kufunga culasse bila kupima, hilo nalo si habari ya kupeleka sokoni.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Wewe unyamaze juu ya manivelle, mimi ninyamaze juu ya boulon. Tumlinde mama. Watu wanasahau upesi, ikifika Noeli hakuna atakayekumbuka nani alisema nini. Tengeneza gari polepole, bila haraka. Mwezi wa kumi nikipata likizo nitakuja na mbuzi, tukae uani Bel-Air kama zamani, sisi wawili na mama, yaishe.

Simu nimeifungua. Unaweza kunipigia.

Ndugu yako,
Rigobert

~

Kampemba, tarehe 1 mwezi wa tisa, 2025

Rigobert,

Mbuzi wako baki naye. Uliniita mwizi kwa micro, sasa unanisafisha ndani ya bahasha. Na simu sitaipiga, kwa sababu nataka haya uyasome, ukiyasahau uyasome tena.

Unasema tumlinde mama. Anayelindwa ni wewe, na yeye umemsimamisha mbele yako.

Nitakuambia jambo la kuniaibisha, maana nimechoka na watu kuruka mahali. Siku mbili nilitaka kukubali. Mama yako alisema kweli kuhusu boulon, kila neno. Nilizichukua kwa ajili ya kazi ya mtu aliyekuwa ananiharakisha, nikasahau, na siku ya kufunga sikulaza rula kwa sababu ulikuwa unanipigia asubuhi na jioni na mimi nilitaka kuondokana nawe. Nilipoisoma barua yako niliiona njia ya kutokea. Amida aliona nimeishika muda mrefu, akaniuliza ina nini, nikamwambia hakuna kitu. Nilimdanganya mke wangu kwa ajili ya mapatano na mtu kama wewe.

Jana, Jumapili, mama yako alikuja hapa. Alitoka misa akaja kwa miguu kutoka Bel-Air, jua la saa saba, na mavazi yake ya kanisani. Garage ilikuwa na watu kama ishirini. Shafi alikuwepo, na wale wawili waliovuta magari yao kwa kamba, wamekuja kutazama injini ambayo mji mzima unaizungumzia. Hata Chomba alikuwepo, ameegemea ukuta, amekuja kuona nitaanguka vipi. Nilimletea mama kiti, hakukaa. Akasema:

«Bantu bote, munisikie. Asani hakuiba kintu. Chemise ni zile zile. Miye ndjo nilizungulusha manivelle, na motere ilikuwa wazi. Miye ndjo niliharibisha motokari ya bwana yangu.»

Nikangoja aendelee. Chomba naye akangoja, kisha akamwuliza: «Mama, na nani alikuambia uzungulushe?»

Akajibu: «Hakuna muntu.»

Hakulitaja jina lako, Rigobert. Boulon zangu pia hakuzitaja, na alikuwa na haki ya kuzitaja mbele ya wateja wangu wote. Alitubeba sote wawili mgongoni. Chomba akaanza kucheka, «mama na manivelle yake», na wengine wakafuata, na nina hakika humo mlikuwa na waliokupigia makofi ukumbini. Mama yako alisimama wima, mkoba mkononi, akiwangoja wamalize.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema yangu. Nilisema nilizifungua boulon, nilizitia mfukoni, sikuzirudisha, sikumwonya mtu, sikupima. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko kicheko chao. Wale wa magari ya kukodisha waliangaliana wakaondoka, sidhani watarudi, na si neno. Shafi alikaa nami mpaka jioni, akanisaidia kuosha bloc, hakuniuliza tena lolote.

Nilitaka kulitaja na jina lako. Lilikuwa mdomoni. Lakini mama yako alikuwa amekwisha kusema «hakuna muntu», na ningelitaja ningemfanya mwongo mbele ya watu, akiwa amesimama hapo hapo. Sikuweza. Hiyo ndiyo sababu pekee, usijidanganye kuna nyingine.

Nilimsindikiza mpaka kwake. Mlangoni aliniuliza gari litakuwa tayari lini, nikamwambia wiki mbili, akaingia ndani. Chemise nimezirudisha zote nne, zimekaa sawa, nimepima mara tatu. Gari litatembea. Kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Mimi jina langu nimelipata, na hata kosa langu linatembea na jina langu, haki yake. Lakini leo asubuhi Amida ametoka sokoni amenuna. Wanawake wa mboga wanasimuliana habari za mjane wa Bel-Air aliyeliua gari la mumewe kwa mkono wake, na wana wimbo tayari. Mama yako atakapokwenda kununua nyanya kesho, atausikia. Mimi nikiwaambia ni nani aliyemwagiza, watasema nalipa kisasi. Yeye hatawaambia hata akifa.

Kwangu usije, mimi si mtu unayepaswa kumwomba radhi tena. Mama yako amewaambia watu kwamba hakuna aliyemwagiza. Ama uje hapa uwaambie amesema uongo, ama ukae huko Sakania uufanye uongo wake kuwa kweli.

Asani